Mboga Tumeitupa, Gugu Tumelitia Sebuleni: Tuijue Familia ya Alizeti



Binti mmoja wa ukoo wetu aliolewa miaka michache iliyopita akahamia bara pamoja na mumewe, wakajenga nyumba yao ya kwanza penye uwanja mpana. Yeye alilelewa ghorofani, mjini Mombasa, ambako bustani yote ilikuwa makopo matatu ya rehani na mwasumini mmoja uliopanda nguzo ya roshani. Mvua za masika ziliponyesha, uwanja ule ukafunikwa na majani ya kila namna, naye akaazimia kuusafisha kwa mikono yake mwenyewe. Mmea mmoja uliotoa utomvu mweupe wa kunata na vijiua vya manjano aliuona mchafu, akaung'oa wote na kuutupa jaani. Mwengine, wenye majani yaliyochanika mithili ya majani ya karoti na vijiua vyeupe vidogo kama punje za mchele, aliuona mzuri. Akauacha umee ukutani, tena akawa akichuma vishada vyake na kuvitia gilasini sebuleni.

Hazikupita wiki nyingi ngozi ya mikono yake ikaanza kuwasha na kuvimba, na kope zikawa nyekundu kila asubuhi. Mtoto wake wa miaka minne akawa anakohoa usiku na kupiga chafya mchana. Walibadilisha sabuni, wakalaumu maji ya kisima, wakanunua malhamu mbili tatu. Ndipo mama yake alipokuja kutoka Likoni kuwajulia hali. Alipita uani, akainama penye jaa, akaokota jani lililoanza kunyauka, akalivunja na kulinusa. Kisha akatazama gilasi iliyokuwa juu ya meza ya sebuleni.

"Mwanangu," alisema, "mboga umeitupa, na hili usilolijua hata jina umelitia sebuleni."

Lililotupwa lilikuwa mchunga, mboga chungu ambayo mama yule ameipika kwa tui la nazi maisha yake yote. Lile la gilasini jirani mkulima ndiye aliyekuja kulitaja: ni gugu karoti, mojawapo ya magugu yenye madhara makubwa zaidi katika Afrika ya Mashariki. Binti yetu alishangaa zaidi alipoambiwa kwamba mimea hiyo miwili, ule wa kulisha na ule wa kudhuru, ni ndugu wa familia moja. Ni familia ya alizeti.

Tangu siku hiyo tumeona ni vyema tuizungumze familia hii na wasomaji wetu, kwani imo katika kila nyumba: katika sufuria, katika kabati la dawa, katika chandarua, na katika pindo la buibui. Asiyeijua huweza kutupa cha kumfaa akakumbatia cha kumdhuru.

Ua ambalo si ua moja

Mtu akiulizwa kichwa kimoja cha alizeti kina maua mangapi, atajibu bila kusita kwamba ni ua moja. Jibu sahihi ni mamia, na katika kichwa kikubwa hupindukia elfu moja. Kile tukiitacho ua ni mkusanyiko. Ni kitako kipana ambacho juu yake vimepangwa vijiua vingi vilivyobanana, na kila kimoja kina viungo vyake kamili: mrija mdogo wa petali tano zilizoungana, stameni tano za chavua, kijiti cha kike chenye ncha mbili, na chini yake ovari moja itakayozaa mbegu moja tu. Punje moja ya alizeti tunayoitafuna ni zao la kijiua kimoja.

Na yale majani mapana ya manjano yanayozunguka kichwa, ambayo watoto hupenda kuyachora? Hayo nayo si petali za ua kubwa. Kila moja ni kijiua kizima ambacho mrija wake umefunguka upande mmoja ukawa ulimi mrefu. Katika alizeti vijiua hivi vya ukingoni havizai mbegu. Kazi yao ni kumvuta nyuki, mfano wa taa zinazotundikwa mlangoni pa nyumba yenye harusi.

Ndiyo sababu wataalamu wa zamani waliiita familia hii Compositae, kwa maana ya maua yaliyoungwa pamoja. Siku hizi huitwa zaidi Asteraceae, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nyota. Pamoja na familia ya okidi, hii ndiyo familia kubwa kuliko zote za mimea itoayo maua. Aina zake hukadiriwa kuwa kati ya 25,000 na 35,000, nazo hupatikana katika kila bara isipokuwa Antaktika. Zimo zilizo nyasi za kimo cha kidole, na zimo zilizo vichaka na miti.

Siri ya ufanisi huo ni kule kukusanyika. Nyuki akitua mara moja juu ya kichwa kimoja, huhudumia maua makumi kwa hatua chache. Tena vijiua havifunguki vyote siku moja. Vya nje hutangulia, vya ndani hufuata duara kwa duara kwa siku kadhaa, hata karamu ikadumu. Kila kijiua huanza kwa kutoa chavua. Stameni zake tano zimeshikana zikawa bomba, na kijiti cha kike hupanda ndani ya bomba hilo kikisukuma chavua juu, kama mtu anayesukuma tambi za kaukau kwa mkono wa kinu chake. Chavua ikisha kuchukuliwa, ndipo kijiti kifungue ncha zake mbili kupokea chavua ya jirani. Katika aina nyingi, ikiwa hakuja mgeni yeyote, ncha hizo hujikunja nyuma hadi zikagusa chavua ya kijiua chenyewe, ili mbegu isikosekane.

Alizeti ina jambo jengine lililowashangaza watu tangu zamani. Mche mchanga hugeuka pamoja na jua, asubuhi mashariki, jioni magharibi, na usiku hurudi kulingojea. Kichwa kikisha kukomaa huacha kugeuka, kikatulia kikielekea mashariki. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walieleza faida yake. Kichwa kinachoelekea mashariki hupata joto mapema asubuhi, na nyuki hukizuru mara nyingi zaidi, hata kufikia mara tano, kuliko kichwa kilichogeuzwa kwa makusudi kuelekea magharibi.

Dalili za kuwatambua ndugu hawa

Si lazima mtu awe mwalimu wa sayansi ili aitambue familia hii. Zipo dalili nne ambazo mama na wanawe wanaweza kuzitafuta uani.

Ya kwanza ni kichwa chenyewe. Ukikipasua katikati kwa kisu utaona vijiua vingi vimesimama juu ya kitako kimoja. Waridi ukilipasua halina vijiua, wala asumini, wala kilua. Maua tunayoyatungia vikuba, kwa uzuri wake wote, si ya ukoo huu. Yale maua mazito ya rangi ya machungwa ambayo majirani zetu Wahindi hutunga mashada ya sherehe ndiyo ya ukoo huu.

Ya pili ni vikombe vya kijani. Chini ya kila kichwa pana safu moja au zaidi za vijani vidogo vinavyokishika kama kikombe. Kabla kichwa hakijafunguka, hivyo ndivyo vinavyokilinda.

Ya tatu ni mbegu. Kila mbegu ni kavu na ya pekee, na aghalabu juu yake pana manyoya, magamba au miiba. Manyoya meupe ya mchunga huchukuliwa na upepo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walionyesha kwamba manyoya ya aina moja ya ndugu zake, ua dogo la manjano la nchi za baridi, huunda mzingo wa hewa juu yake unaoielekeza mbegu ielee kwa muda mrefu. Kishona nguo naye ni wa familia hii. Zile sindano nyeusi zinazoganda kwenye pindo la buibui baada ya kupita njia ya shambani ni mbegu zake, na mahali pa manyoya zina miiba miwili au mitatu yenye kulabu. Mwenye kuzibandua mbegu hizo na kuzitupa njiani amekwisha kumpandia kishona nguo shamba jipya.

Ya nne ni ladha. Wengi wa ukoo huu ni wachungu, kwa sababu hutengeneza kemikali za kuwafukuza wadudu na wanyama wasile majani yao. Uchungu huo ndio asili ya dawa zao na ya sumu zao pia, kama tutakavyoona.

Ndugu wa jikoni

Tuanze na mchunga uliotupwa. Ni mmea wa majani membamba marefu, shina lenye uwazi ndani, na vichwa vya manjano ambavyo vijiua vyake vyote vimekuwa ndimi, hata vya katikati. Ukilivunja jani, utomvu mweupe hutoka papo hapo. Mizizi yake hutambaa chini ya ardhi, na kwa hiyo mkulima wa mahindi huuchukia, kwani akiukata leo kesho umechipua. Lakini Wadigo, Wagiriama na Waswahili wa pwani wameujua kwa karne nyingi kuwa ni mboga. Huchumwa ukiwa mchanga, kabla ya kutoa maua, huchemshwa na kumwagwa maji ya kwanza kwa asiyependa uchungu mwingi, kisha huchanganywa na mchicha au mnavu na kuungwa kwa tui. Mboga hii hailimwi wala hainyunyiziwi dawa. Hata hivyo isichumwe kando ya barabara kuu wala penye mfereji wa maji machafu, kwa kuwa mmea hunywa kilichomo ardhini.

Saladi ya majani tunayoila na wali ni jamaa wa karibu wa mchunga. Ukikata shina lake utauona utomvu ule ule, na jina lake la kisayansi, Lactuca, latokana na neno la Kilatini lenye maana ya maziwa. Mwenye kuiotesha nyumbani ameona kwamba ikisha kurefuka kutaka kutoa maua, majani huwa machungu ghafla. Huo ni urithi wa familia unaojitokeza, si ugonjwa.

Alizeti yenyewe asili yake ni Amerika ya Kaskazini, ambako wenyeji waliilima zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Mafuta yake ndiyo yanayokaanga sambusa na bajia katika nyumba nyingi zetu, hasa mwezi wa Ramadhani.

Ndugu anayepaswa kutazamwa kwa makini sokoni ni kartamu, ambayo Waarabu huiita usfuri. Vijiua vyake vyekundu na vya rangi ya machungwa hukaushwa, navyo kwa mbali hufanana na zafarani. Zafarani ya kweli si ya familia hii kabisa. Ni nyuzi za ndani ya ua la zambarau, nyuzi tatu tu katika kila ua, na huhitajika maua kama 150 ili kupata gramu moja. Kartamu hutoa vijiua kwa makumi katika kila kichwa, na ndiyo maana ni rahisi. Kuuza kartamu kwa jina lake si kosa, kwani inatia rangi nzuri ya wali. Kuiuza kwa jina na bei ya zafarani ni kumdhulumu mama anayepima kila shilingi ya biriani.

Kutofautisha kwake ni rahisi kwa aliyeelewa maneno yetu ya mwanzo. Tia nyuzi chache katika maji ya uvuguvugu, kisha zitandaze juu ya sahani nyeupe. Uzi wa zafarani ni mmoja, imara, mwembamba upande mmoja na uliopanuka kama tarumbeta upande wa pili, na hubaki mwekundu hata baada ya kuyatia maji rangi ya dhahabu. Kartamu ikilowa hufunguka, ukaona mrija mdogo uliogawanyika ncha tano nyembamba. Ni kijiua kizima. Harufu nayo haidanganyi: zafarani hunukia nyumba nzima, kartamu haina harufu ya maana. Tena katika tiba ya jadi ya Wachina kartamu haipewi mjamzito. Basi mwenye mimba asiinywe kama dawa kwa kudhani ni zafarani.

Ndugu wanaotulinda na mbu na homa

Sisi wa pwani twaijua malaria. Wachache wanajua kwamba katika vita vyake familia hii imesimama mara mbili upande wetu, mara moja kitandani na mara moja hospitalini.

Wa kitandani ni pareto. Ni ua jeupe lenye moyo wa manjano, asili yake ni pwani ya Dalmatia iliyo leo nchini Kroeshia, nalo hulimwa nyanda za juu za nchi yetu, hasa upande wa Nakuru na Nyandarua, kwa kuwa halitoi maua vizuri pasipo baridi. Kilimo chake kilianza Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, na kwa miongo mingi Kenya ikawa ndiyo muuzaji mkubwa wa pareto duniani. Dawa yake imo zaidi katika mbegu changa zilizo ndani ya kichwa. Mbu ikimgusa huparaganyika mishipa ya fahamu akaanguka, ilhali mwanadamu hadhuriki sana kwa kiasi hicho. Samaki wao huathirika vibaya, kwa hiyo maji ya dawa hizi yasimwagwe mtoni wala baharini.

Ile dawa ya mbu ya kuchoma iliyozungushwa kama nyoka aliyejikunja ilianza na pareto. Mjapani Ueyama Eiichiro alitengeneza vijiti vya pareto mwaka 1890, lakini vilikwisha kuungua kwa muda usiotimia saa moja. Yasimuliwa kwamba mkewe, Yuki, ndiye aliyemshauri mwaka 1895 avizungushe, ili dawa iungue usiku kucha. Mawazo ya mama wa nyumba yamelinda usingizi wa mamilioni. Siku hizi dawa nyingi za aina hii hutumia kemikali za kiwandani zilizoigwa kutoka pareto, na moshi wake katika chumba kilichofungwa si mwema kwa kifua cha mtoto.

Kemikali hizo za kuigwa ndizo zilizomo katika vyandarua vyenye dawa. Pareto yenyewe huharibika upesi kwa jua, na wataalamu walihitaji kitu cha kudumu zaidi. Hata hivyo jua kali hupunguza nguvu ya dawa ya chandarua pia. Basi tunapokifua, tutumie sabuni ya kawaida, tusikitie dawa ya kung'arisha nguo, na tukianike kivulini.

Wa hospitalini ni pakanga ya Kichina, mmea wa majani membamba yenye harufu kali na vichwa vidogo vya manjano visivyo na ndimi, kwa sababu chavua yake huchukuliwa na upepo na haihitaji kumpendeza nyuki. Mwaka 1969 mwanasayansi wa kike wa Kichina, Tu Youyou, alipewa kazi ya kutafuta dawa ya malaria katika vitabu vya tiba ya kale. Majaribio ya mwanzo ya mmea huu hayakuwa na matokeo ya kuaminika. Katika kitabu cha mganga Ge Hong wa karne ya 4 akaona kwamba mmea ule ulilowekwa katika maji na kukamuliwa, wala haukutajwa kuchemshwa. Akafahamu kwamba huenda moto ndio unaoua dawa. Alipotumia njia isiyo na joto kali, dawa ilipatikana, naye na wenzake wakajijaribia wenyewe kwanza. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba. Dawa hiyo, artemisinini, ndiyo msingi wa vidonge mseto ambavyo hospitali zetu zimekuwa zikivitoa kwa malaria tangu mwaka 2006.

Hapa twawaomba wasomaji wasimame kidogo. Kwa kuwa dawa yatokana na mmea, wapo wanaouza majani yake makavu wakidai kikombe cha chai chatosha kutibu au kukinga malaria. Shirika la Afya Duniani halikubali hivyo, na sababu yake ni wazi. Kiasi cha dawa katika majani hakilingani kati ya mche na mche, chai mara nyingi haifikii kiwango cha kuua vimelea vyote, na vinavyobaki huweza kujifunza kuishinda dawa. Mtoto mwenye homa apimwe damu. Akipatikana na malaria apewe dozi yote ya siku tatu kama alivyoelekezwa, hata kama homa imeshuka siku ya pili. Vidonge vya artemether na lumefantrine huingia mwilini vizuri zaidi vikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au kikombe cha maziwa.

Ndugu mwenye madhara

Sasa turudi kwenye gilasi ya sebuleni. Gugu karoti asili yake ni Amerika ya Kati na nchi zinazoizunguka Ghuba ya Mexico. Limesafiri ulimwengu kwa kujificha ndani ya nafaka, majani ya mifugo, mchanga wa ujenzi na matope ya magurudumu. Limeenea India na Ethiopia, na limo Tanzania na humu nchini. Mche mmoja mkubwa waweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000, na huanza kutoa maua wiki chache tu baada ya kuota.

Tulitambue. Mche mchanga hulala chini kama duara la majani ya karoti. Baadaye husimama, shina likawa na mistari ya urefu, likagawanyika matawi mengi juu. Vichwa vyake ni vyeupe, vidogo kuliko punje ya dengu, navyo vina pembe tano, kwa sababu kila kimoja kina vijiua vitano tu vya ukingoni. Halina utomvu mweupe. Tofauti hiyo peke yake yatosha kulitenga na mchunga.

Madhara yake ni ya aina tatu. Huwasha na kuvimbisha ngozi ya baadhi ya watu, na kadiri mtu anavyokutana nalo mara nyingi ndivyo mwili unavyozidi kulikataa. Chavua yake huleta mafua ya mzio na kumzidishia mwenye pumu. Na mifugo ikilila, maziwa na nyama hupata uchungu. Aliyekwisha kudhurika nalo na awe mwangalifu na ndugu zake wengine, hata babunaji tunayoinywa kwa tumbo, kwani mwili huweza kuwachanganya ndugu hawa na kuleta mwasho ule ule.

Kuling'oa kunataka adabu yake. Ling'olewe kabla halijatoa maua, ardhi ikiwa na unyevu, pamoja na mzizi wake. Avaliwe glavu, mikono mirefu na barakoa, na mwenye pumu au mzio asishiriki. Likiwa limekwisha kuzaa mbegu, litiwe kwenye mfuko na kufungwa, lisiburutwe uani. Lisichomwe moto karibu na nyumba. Kisha mahali pake pasiachwe wazi, bali papandwe nyasi au mboga, kwa kuwa gugu hili hupenda ardhi tupu. Ndugu zetu wa pwani wanaoagiza mchanga, kokoto au majani ya ng'ombe kutoka bara wakague mahali vilipomwagwa mvua ikianza.

Somo la nusu saa

Twapendekeza kwa wazazi zoezi dogo la siku ya mapumziko. Chumeni vichwa vitatu vya maua ya manjano yasiyofanana, sahani nyeupe moja, na sindano. Kila mtoto apasue kichwa chake na kuhesabu: vijiua vya ukingoni ni vingapi, vya katikati vina umbo gani, mbegu ina manyoya au miiba, jani likivunjwa latoka maziwa au la. Watoto wasiguse mmea wenye majani ya karoti, na baada ya kazi wanawe mikono. Mtoto aliyewahi kuona kwamba ua moja ni maua mia hatalitazama tena jani lolote kwa dharau, wala hatahadaiwa upesi na weupe wa petali.

Ama binti yetu, alimwona daktari, ngozi yake ikapoa, na mwanawe sasa analala usiku. Mumewe na jirani waling'oa magugu yote kabla ya mvua za vuli, nao wenyewe walikaa ndani madirisha yamefungwa hadi kazi ikaisha. Mama yake alipoagana nao alimwachia kazi moja. Ile mizizi ya mchunga iliyobaki ardhini ilikuwa imechipua upya penye kona ya jiko, na kwa mara ya kwanza binti aliyazungushia mawe yale majani yenye maziwa ili mtu asiyakanyage. Mwezi uliofuata alitutumia picha ya sufuria. Alikuwa ameyachanganya na mchicha, akayaunga kwa tui zito, na chini ya picha aliandika kwamba bado ni machungu kidogo, ila wamekula wote.